Bawabu Asiyelala: Mafua na Kinga Tuliyozaliwa Nayo

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa hekalu, Nangara, Babati, jioni ya maadhimisho, mbele ya wanajumuiya na majirani. Yanachapishwa hapa kwa ombi la Kamati.)

   

Kamati iliponiomba nizungumze jioni hii iliniachia nichague jambo lolote la afya. Katika miaka yangu ya utabibu nimekwisha kusema mengi juu ya kisukari, shinikizo la damu na malaria, na wengi wenu mmenisikia hadi mmechoka. Leo nimechagua ugonjwa ambao karibu hakuna anayeuogopa, nao ni mafua. Nimeuchagua kwa sababu nina deni katika ukumbi huu.

Miaka kadhaa iliyopita, asubuhi ya sikukuu ya Divali, niliamka nikiwa na koo linalowasha. Nilijiambia ni vumbi la Babati, nikanywa chai ya tangawizi, nikaja. Nilikanda unga wa puri jikoni kule nyuma, nikapakua chakula, kisha nikaketi karibu na mama mmoja mzee ambaye sote tulimwita Ba. Tulizungumza kwa karibu sana kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamechoka, na alipokuwa akinibariki alinishika mikono yote miwili. Usiku uleule homa ilinipanda. Siku ya tatu Ba akaanza kukohoa. Kabla ya wiki mbili kwisha tulimpeleka kwenye moto wa mwisho.

Siwezi kuthibitisha kwamba kilichomuua kilitoka kwangu. Siku ile walikuwapo watu wengi, na huenda waliokuwa na mafua hawakuwa mmoja wala wawili. Lakini miongoni mwa waliokuwapo, mimi ndiye niliyekuwa tabibu. Nilijua maana ya koo lile, nikanyamaza kwa sababu niliona aibu kukosa sikukuu. Basi naombeni mnivumilie nieleze yanayotokea mwilini tangu saa ya kwanza ya ugonjwa huu, kwa maana mtu akiyaelewa hayo ataelewa pia ombi nitakalolitoa mwishoni.

Homa iliyovuka bahari

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kiswahili chetu kina neno moja, mafua, kwa magonjwa zaidi ya moja. Kuna mafua ya kawaida, ya kamasi na chafya, yanayoletwa na virusi vya aina nyingi na ambayo hupita bila kishindo. Halafu kuna homa ya mafua yenyewe, iitwayo influenza. Hii huja kwa ghafula: mchana mtu yuko dukani, jioni hawezi kuinua mkono. Ina homa kali, maumivu ya viungo, kikohozi kikavu na uchovu wa siku nyingi. Ni hii ninayoizungumzia.

Wengi wetu tuna mababu waliovuka Bahari ya Hindi. Bahari ile imepitisha mengi baina ya pande zake mbili: vitambaa, viungo, vitabu vya dini na wachumba. Hata leo mbaazi zinazolimwa hapa Babati huuzwa India zikapikwa dali. Mwaka 1918 bahari hiyohiyo ilipitisha homa. Bombay ilipigwa na wimbi la kwanza mwezi Juni mwaka ule, kisha mwezi Septemba likaja wimbi la pili lililokuwa kali zaidi. Mwezi huohuo wa Septemba meli zilizotoka Bombay zilitia nanga Mombasa, na homa ikashuka pamoja na abiria na mabaharia. Kutoka pwani ilifuata reli na njia za misafara hadi bara.

Huku kwetu iliikuta nchi imechoka. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimepita vijijini vikichukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo. Jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck liliposalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, homa ilikuwa imekwisha kuenea, na askari na wapagazi wengi walionusurika risasi waliangushwa nayo. Kwa Kenya wanahistoria hukadiria kwamba walikufa watu wapatao 150,000. Tanganyika walikufa maelfu kwa maelfu. India ilipoteza zaidi ya watu milioni 10. Kwa dunia nzima hutajwa makadirio ya watu milioni 50.

Jambo lililowashangaza matabibu wa wakati ule ni aina ya watu waliokufa. Kwa kawaida homa ya mafua huwachukua wachanga na wazee. Ile ya 1918 iliwachukua pia watu wa miaka 20 hadi 40, wenye nguvu, waliokuwa wakilima na kubeba mizigo juma lililotangulia. Nitalirudia jambo hili baadaye.

Wakati ule hakuna aliyekuwa amekiona kisababishi chake. Wengi walidhani ni bakteria. Mwaka 1933 ndipo Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, wakifanya kazi London, walipokipata kirusi cha homa ya mafua ya binadamu kwa kumwambukiza fereti, mnyama mdogo afananaye na nguchiro.

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya zamani tu. Wengi mnakumbuka mwaka 2009, homa iliyoitwa mafua ya nguruwe ilipoingia Tanzania. Haikuishia katika miji mikubwa. Ilifika katika mkoa wetu huu wa Manyara, wilayani Mbulu, kule juu ya ukingo wa Bonde la Ufa.

Mgeni mlangoni

Kirusi cha homa ya mafua ni kidogo mno. Gawanyeni milimita moja mara elfu kumi, na kila sehemu itatosha kirusi kimoja. Ndani yake mna nyuzi nane za RNA, yaani maandishi ya urithi yanayoeleza jinsi ya kukiunda kirusi kingine. Nje kimevikwa utando wenye miiba ya protini za aina mbili. Mmoja ni hemaglutinini, ambao ni mkono wa kushikia. Wa pili ni nyuraminidasi, ambao ni mkasi.

Mtu anapokohoa karibu nasi tunavuta hewa yenye matone. Mwili hauko uchi. Njia yetu ya hewa imefunikwa na ute, na chini ya ute huo kuna vinyweleo vinavyopiga kasia bila kupumzika, vikiusukuma ute juu kuelekea kooni pamoja na kila kilichonaswa ndani yake. Ute huo umejaa sukari zinazofanana na zile zilizo juu ya seli, hivyo mkono wa kirusi hushika sukari za bure ukanaswa. Ndiyo sababu kirusi huja na mkasi wake: hukata sukari hizo, kikajipenyeza, na baadhi yao hufika kwenye seli.

Kikifika, hushika sukari iliyo juu ya seli. Seli, kwa desturi yake ya kumeza vitu vidogo, hukimeza katika kifuko. Kifuko kile hugeuka kuwa na asidi, na asidi ndiyo ufunguo ambao kirusi kilikuwa kikiungojea. Utando wake huungana na ukuta wa kifuko, nyuzi nane hutoka, zikaingia katika kiini cha seli na kuanza kunakiliwa. Baada ya saa chache, kama sita hadi nane hivi, seli ile iliyokuwa ikifanya kazi ya mwili huanza kutoa virusi vipya kwa maelfu.

Sasa hapo ndipo linapozuka swali la jioni hii. Tunajua kwamba mwili una askari wanaojifunza: kingamwili na seli maalumu zinazomtambua adui mmoja kwa jina, na ambazo chanjo huzifundisha mapema. Lakini askari hao, wakikutana na adui mgeni, huhitaji karibu juma zima ili wajipange. Kirusi hakihitaji juma. Kinahitaji saa nane. Nani basi anayeulinda mwili katika siku zile za kwanza?

Jibu ni kinga tuliyozaliwa nayo. Kinga hiyo haijui jina la kila adui. Hujua jambo moja tu, yaani namna ya kumtambua asiyekuwa wa nyumbani. Huko India, mahekalu mengi ya kale yana mabawabu waliochongwa kwa mawe kila upande wa mlango. Seli zetu nazo, kila moja kati ya hizo, ina bawabu wake.

Kichwa wazi

Bawabu huyo hutambuaje? Seli zetu wenyewe hutumia RNA kila dakika. Ndiyo barua ambazo kiini huziandika ili protini zitengenezwe. Lau bawabu angemkamata kila mwenye RNA, angewakamata watu wote wa nyumbani. Lakini kila barua halali ya seli, inapotoka katika kiini, huvishwa kichwani kipande cha kikemia ambacho wanasayansi wenyewe wamekiita kofia.

Kirusi cha homa ya mafua kinaijua desturi hiyo, nacho ni mwizi wa kofia. Hukata vichwa vya barua za seli, kofia na vyote, na kuvipachika kwenye barua zake mwenyewe ili zisomwe kama za wenyeji. Hata hivyo kuna asichoweza kukifunika. Zile nyuzi nane za asili, kila zinaponakiliwa, hubaki kichwa wazi, na kwenye ncha yake huning'inia fosfeti tatu mfululizo. Katika mwili wenye afya, RNA ya namna hiyo haitarajiwi kuonekana nje ya kiini.

Protini inayozunguka ndani ya seli ikitafuta vichwa wazi inaitwa RIG-I. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kazi yake ya ulinzi, na mwaka 2006 ikafahamika kwamba alama inayoitafuta ni zile fosfeti tatu. Katika baadhi ya seli za ulinzi kuna bawabu mwingine, TLR7, ambaye hukaa ndani ya vile vifuko vya kumezea na kukipekua kilichomezwa. Uchunguzi wa mabawabu wa namna hii ulianzia mbali kidogo, kwa nzi wa matunda na panya, nao ndio uliowapatia Jules Hoffmann na Bruce Beutler Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2011.

RIG-I ikimshika mgeni haipigani naye yenyewe. Hupeleka habari kwenye mitokondria, na kutoka huko habari hufika katika kiini cha seli. Kiini huagiza jambo moja kubwa: pigeni mbiu.

Mbiu ya mgambo

Wazee walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu ya seli inaitwa interferoni, nayo iligunduliwa kwa kutumia kirusi hikihiki cha homa ya mafua. Mwaka 1957, huko Mill Hill, London, Alick Isaacs na mwenzake Jean Lindenmann kutoka Uswisi walichukua utando wa mayai ya kuku yaliyokuwa na vifaranga vinavyokua. Waliuweka utando huo pamoja na virusi vya homa ya mafua vilivyokwisha kuuawa kwa joto. Kisha walichukua yale maji yaliyobaki, wakayatia kwenye utando mpya ambao haujaguswa na kirusi chochote, halafu wakauletea virusi hai. Virusi hai vikashindwa kuzaana. Ndani ya maji yale mlikuwa na kitu ambacho seli za kwanza zilikitoa, nacho kiliziandaa seli nyingine zisizokuwa na habari.

Hilo ndilo jambo ninalotaka watoto hawa waende nalo nyumbani. Interferoni haiui kirusi. Mara nyingi haiiokoi hata seli iliyoipiga, kwa kuwa seli ile imekwisha kuvamiwa. Huwaokoa majirani. Seli jirani zikiisikia huwasha jeni kwa mamia. Nyingine hutengeneza protini za kuvizuia virusi visitoke kwenye kifuko, nyingine huzikata RNA vipandevipande, nyingine husimamisha kiwanda cha protini ili mgeni asipate cha kutumia. Moja ya protini hizo, IFITM3, ilichunguzwa kwa wagonjwa waliolazwa hospitalini Uingereza kwa ile homa ya 2009. Aina dhaifu ya jeni yake ilipatikana kwao mara nyingi zaidi kuliko kwa watu wengine. Basi tusishangae homa moja ikiingia nyumba moja, mmoja akaamka kesho yake na mwingine akalazwa. Hatukupewa sote mabawabu wa nguvu sawa. Aidha, sauti ya mbiu hii hudhoofika kwa uzee.

Pamoja na interferoni, seli hutoa jumbe nyingine za kuita askari wa miguu: makrofaji, ambazo ni seli walaji zinazokaa katika mapafu, nyutrofili zinazokuja kutoka katika damu, na seli ziitwazo wauaji wa asili, ambazo huziangamiza seli zilizovamiwa. Jumbe hizo huingia katika damu zikafika hadi kwenye ubongo, mahali panapopangwa joto la mwili. Hapo, kwa njia ya kemikali iitwayo prostaglandini, kipimo cha joto hupandishwa. Mwili uliokuwa na nyuzi 37 huambiwa sasa unatakiwa kuwa na 39, hivyo hujiona una baridi, ukatetemeka na kutaka blanketi hata jua la Babati likiwaka. Maumivu ya viungo, kukosa hamu ya kula na uchovu, navyo hutokana na jumbe hizohizo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, sehemu kubwa ya yale tunayoyaita ugonjwa ni kazi ya mlinzi wetu mwenyewe. Homa ni ishara kwamba mbiu imelia.

Hila ya mgeni

Mngeweza kuuliza: ikiwa bawabu ni hodari hivyo, mbona tunaugua? Ni kwa sababu kirusi nacho kimeishi na mabawabu muda mrefu. Miongoni mwa protini zake imo moja iitwayo NS1, ambayo kazi yake kubwa ni kumziba mdomo bawabu. Huzuia RIG-I isikamilishe kazi yake, na hupunguza barua zinazotoka katika kiini kwenda kutengeneza interferoni. Haizuii mbiu milele, lakini huichelewesha. Na katika kucheleweshwa huko kirusi hupata muda wake wa kuzaana.

Matokeo yake yanatuhusu sisi tulioketi hapa. Tangu kirusi kiingie hadi mtu ajisikie mgonjwa hupita siku moja hadi nne, mara nyingi kama mbili. Lakini mtu huanza kutoa virusi katika pumzi yake karibu siku moja kabla hajajisikia vibaya, na huvitoa kwa wingi zaidi katika siku tatu au nne za mwanzo wa ugonjwa. Asubuhi ile ya Divali, nilipokuwa nikilaumu vumbi, koo langu lilikuwa tayari limejaa. Ule muwasho mdogo ndio uliokuwa sauti ya kwanza ya mbiu, nami niliisikia nikaifunika kwa chai ya tangawizi.

Moto wa jikoni na moto wa paa

Sasa nirudi kwa vijana wa 1918. Kinga hii ni kama moto. Ukiwa jikoni unatupikia, na ukiwa mbele ya madhabahu unatuangazia. Ukishika paa unateketeza nyumba pamoja na mwizi aliyemo. Mwaka 2005 wanasayansi wa Marekani walifaulu kukiunda upya kirusi cha 1918 kutokana na mabaki ya jeni zake, mengine yakiwa yametoka katika mwili uliozikwa kwenye barafu ya Alaska. Mwaka 2007 kikajaribiwa kwa nyani katika maabara yenye ulinzi mkali. Ilionekana kwamba kinga yao ya asili ilivurugika: mbiu ya interferoni haikulia ipasavyo, ilhali jumbe za kuita askari ziliendelea kumiminika bila kutulia. Mapafu yakajaa maji na seli za ulinzi.

Hata hivyo si moto peke yake uliowaua watu wa 1918. Uchunguzi wa mapafu yaliyohifadhiwa tangu wakati ule umeonyesha kwamba wengi sana walimalizwa na bakteria wa nimonia, walioingia baada ya kirusi kuondoa ute na vinyweleo na kuacha mlango wazi. Antibiotiki hazikuwapo, penisilini ilikuwa haijagunduliwa hadi 1928. Nadhani Ba naye alikwenda kwa njia hiyo. Aliugua mafua, akaonekana kupata nafuu, tukafurahi, kisha homa ikarudi na pumzi zikawa fupi. Tulichelewa kwa siku mbili tukidhani ni mafua yaleyale.

Yatupasayo

Kutokana na haya yapo mambo machache ya kushika.

La kwanza, homa si zote za mafua. Hapa kwetu malaria ipo, na haipambanuliwi kwa macho. Mwenye homa apimwe.

La pili, antibiotiki hazimgusi kirusi. Najua desturi yetu ya kwenda duka la dawa na kuomba vidonge vya rangi mbili kwa kila kikohozi. Vidonge hivyo ni silaha dhidi ya bakteria. Tukivitumia ovyo leo, siku ya nimonia ya kweli vitakuwa vimezoeleka na bakteria. Vinywewe kwa agizo la tabibu.

La tatu, homa ya kadiri kwa mtu mzima mwenye afya si adui wa kukimbizwa kila saa. Apumzike, anywe maji mengi, na ikimtesa atumie parasetamoli kwa kipimo chake. Watoto wasipewe aspirini wakiwa na homa ya mafua, kwa maana imehusishwa na ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Maziwa ya manjano na chai ya tangawizi hufariji koo, nami nayanywa. Tusidai tu kwamba huua kirusi. Na wanaojifukiza wawaweke watoto mbali na sufuria, kwa kuwa nimewatibu walioungua.

La nne, zipo dalili zisizongoja asubuhi: kupumua kwa shida au kwa haraka, maumivu ya kifua, midomo kugeuka bluu, kuchanganyikiwa, mtoto kushindwa kunyonya au kupata degedege, na homa iliyokwisha kupoa kisha ikarudi kwa nguvu. Wazee, wajawazito, watoto wachanga, wenye kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo au upungufu wa kinga wasisubiri hata hayo. Wamwone tabibu mapema. Chanjo ya homa ya mafua ipo, ingawa haijaenea kwetu, na hubadilishwa kila mwaka kwa sababu kirusi hubadilika. Wenye nafasi ya kuipata, hasa wazee, waulize.

Ombi langu

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimalizie kwa ombi nililoliahidi. Katika jumuiya yetu kukosa sikukuu ni jambo zito. Mtu akikosa huulizwa, na akina mama wa jikoni wakipungua mmoja kazi huonekana. Ndiyo sababu tunakuja na homa zetu tukizificha kwenye shali. Naomba Kamati itangaze, tangu leo, kwamba mwenye koo linalowasha au homa akibaki nyumbani hatahesabiwa kuwa amekosa. Ahesabiwe kuwa ametumika. Prasadi yake ipelekwe mlangoni kwake na kijana mmoja, na siku ya kupona apokewe bila maswali. Wale wanaopakua chakula waulizwe hali zao kabla ya kuosha mikono. Na anayelazimika kuja akiwa anakohoa avae barakoa na aketi karibu na dirisha, mbali na safu ya wazee.

Majirani zangu wa misikiti na makanisa ya Nangara, nanyi naomba mlichukue ombi hili, kwa kuwa kirusi hakiulizi mtu anaswali wapi.

Nimewaeleza kwamba seli iliyovamiwa hupiga mbiu ingawa yenyewe haitapona, ili majirani wapate kujifunga. Seli ile haina akili wala aibu. Mimi nilikuwa na akili, na aibu ikanishinda. Mahali alipozoea kukaa Ba, pale karibu na nguzo, leo ameketi mjukuu wake. Naomba asubuhi moja ikitokea nikaamka na koo linalowasha, mniruhusu nimpigie simu nimwambie: leo siji.